Nusu ya Nini?

Ukishuka matatu City Stadium, Nairobi, na kukata kuingia Soko la Burma saa moja asubuhi, kabla mikokoteni haijaziba njia, utasikia mwaliko mmoja ukirudiwa kutoka bucha hadi bucha: "Kujia nusu, kastoma, iko freshi!" Kwa miaka mingi nilipita hapo nikielekea shuleni bila kuusikia, kama mtu asivyosikia saa ya ukutani mwake. Siku hizi ndio somo langu la kwanza la Kiingereza kwa darasa lolote jipya.

Nauandika ubaoni kama ulivyo. Darasa linacheka, kwa sababu hawajawahi kumwona mwalimu wa Kiingereza akiandika Sheng ubaoni kwa mkono wake mwenyewe. Kicheko kikipoa, nawaambia waugeuze uwe Kiingereza. Wa kwanza kuinua mkono huwa na jibu tayari: "Come for half, customer, it is fresh." Naliandika chini ya ule wa kwanza, nageuka, nauliza swali moja: nusu ya nini?

Kimya. Kisha mmoja anasema, "Si ya nyama, mwalimu, ni Burma." Hapo ndipo somo linapoanza. Sokoni hakuna anayeuliza nusu ya nini, kwa kuwa paja la ng'ombe linaning'inia mbele ya macho na mizani iko juu ya kaunta. Nusu ni nusu kilo, robo ni robo kilo, na anayeuliza ni mgeni. Lakini ukurasa hauna paja linaloning'inia. Anayesoma sentensi yako yuko Kisumu, au yuko chumba cha kusahihishia mitihani akiwa amechoka, na haoni unachokiona. Basi tunaongeza kilo, tunaongeza nyama. Tunafika kwenye kile kijineno "a" ambacho Kiswahili hakina na ambacho watoto wetu hukidondosha njiani kama sarafu ya shilingi: "half a kilo of meat." Tunauliza nani anaitwa aje, na kitu gani hicho kilicho "freshi". Inachukua kipindi kizima cha dakika 40, kwa sentensi ya maneno matano.

Kipindi cha pili tunaiandika upya mara tatu: kwanza ujumbe wa simu kwa mteja wa siku zote, halafu tangazo la kubandika mlangoni mwa bucha, mwisho barua kwa mwenye hoteli anayetaka kuletewa nyama kila Jumatatu. Nyama ni ile ile. Kinachobadilika ni heshima, urefu, na kiasi cha mambo ambayo msomaji anayajua tayari. Mwanafunzi aliyeifanya kazi hiyo hatishwi tena na uandishi wa kiuamilifu wa karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE, wenye alama 20 kati ya 60. Ameshaandika barua yenye sababu ya kuandikwa.

Nimeulizwa kwa nini ushauri wa kufundisha Kiingereza nautoa kwa Kiswahili. Jibu ni kwamba ndicho tunachokiongea stafrumu. Tunakunywa chai kwa Kiswahili, tunalalamikia mshahara kwa Kiswahili, kisha kengele inalia, tunaingia darasani na kumwadhibu mtoto kwa kosa tulilolitenda dakika mbili zilizopita.

Nami niliadhibu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, katika shule moja ya kutwa isiyohitaji kutajwa, nilikabidhiwa monto: kipande cha ubao chenye uzi. Aliyesikika akiongea Kiswahili, Sheng au lugha ya kwao alivishwa shingoni, naye alipaswa kumvizia mwenzake amvishe kabla ya jioni. Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza adhabu ya aina hiyo katika Decolonising the Mind mwaka 1986, akikumbuka shule za wakati wa Hali ya Hatari, na sisi tulikuwa tunaiendeleza kama urithi wa babu. Darasani kwangu kulikuwa na kijana ambaye mamake aliuza matumbo Burma. Sokoni nilikuwa nimemsikia kijana huyo akibishana na wateja kwa Kikamba, Kikuyu, Kiswahili na Sheng, akirukia lugha kama mtu anayevuka mfereji kwa mawe. Shuleni alipata dawa ya monto: aliacha kuongea. Muhula mzima. Hakuvishwa hata siku moja, na katika ripoti yake ya mwisho wa muhula iliandikwa kwamba ameimarika. Mwandiko ulikuwa wangu.

Kwa hivyo mwalimu mwenzangu, hasa wewe uliyetoka chuoni juzi, usianze kwa kufunga midomo. Gawa kipindi. Dakika tano au kumi za kwanza waseme jambo lenyewe kwa lugha yoyote inayowafikisha haraka. Baada ya hapo, Kiingereza kitupu, na wewe pia ushike sheria hiyo. Mtoto aliyekwisha kujua anachotaka kusema hutafuta neno. Asiyejua hutafuta mahali pa kujificha.

Sasa nije kwenye sarufi, ambako nadhani tunapoteza muda mwingi zaidi ya kwingine kote. Vitabu vya kiada vimepangwa kana kwamba makosa ya Kiingereza ni yale yale dunia nzima. Makosa ya mtoto wa Shauri Moyo, Kaloleni au Maringo yana asili, na asili yake aghalabu ni neno moja zuri la Kiswahili linalofanya kazi nyingi. Chukua "mpaka". Katika insha nitakuta: "He was tired until he could not walk." Mwalimu anapiga mstari mwekundu, anaandika "wrong", anaendelea. Mtoto haelewi, kwa maana alichoka mpaka akashindwa kutembea, na "mpaka" ni "until", kamusi imesema hivyo. Ukimwonyesha kwamba "mpaka" ya muda na "mpaka" ya kiasi ni kazi mbili, na kwamba Kiingereza kimeajiri watu wawili kwa kazi hizo, umemponya kosa ambalo mistari myekundu ya miaka minne isingeliponya.

Na dawa yenyewe iko uwanjani, saa ya mapumziko. Ni mchongoano, ule utani wa kukejeliana kwa zamu. Sikiliza unavyoundwa: kitu fulani ni hivi mpaka jambo lisilowezekana linatokea. Niliwapa kazi ya kutunga wa Burma, na msichana mmoja wa dawati la nyuma akatoa huu: "Mizani ya buchari yenu ni mwizi mpaka nzi akitua inasoma robo." Darasa lilikufa kwa kicheko. Tukauhamisha kwenda Kiingereza, na hapo "until" ikagoma yenyewe mbele ya kila mtu: mizani haikuiba hadi saa fulani ndipo nzi akatua. Tukapata "so dishonest that", kisha "such a thief that", tukabishana ipi inachekesha zaidi. Mstari mmoja ukatupa sarufi, ukatupa chuku, ukatupa pia fasihi simulizi, kwa kuwa mchongoano ni utanzu kamili wenye kanuni zake, watendaji wake na hadhira inayotoa hukumu papo hapo. Ninajua walimu wanaoupiga marufuku kwa kuwa unaleta ugomvi. Huleta, wakati mwingine. Weka sharti kwamba mama wa mtu hatajwi, uendelee.

Fungua daftari la maneno ya namna hiyo. Langu limekuwa nene. Kuna "ongeza", linalozaa "add me soup" katika kila hoteli ya Burma. Kuna "hata mimi", linalozaa "even me I was there." Kuna "sikia", kwa sababu sisi husikia njaa na usingizi, na hata harufu, wakati Mwingereza husikia sauti tu. Kuna "yeye", lisilojali kama ni mwanamume au mwanamke, ndiyo sababu katika insha zetu shangazi huanza akiwa "she" na kumaliza akiwa "he" bila kufanyiwa lolote katikati. Usiwacheke. Mtafutie kila kosa neno lililolizaa, ulifundishe neno hilo wiki nzima, halafu uende kwa jingine.

Hapo napata njia ya kuingilia suala la kusahihisha, ambalo ndilo linalowatoa walimu wa Kiingereza kazini kabla ya wakati. Mwenzako wa hesabu anaweka vyema na makosa, anafunga. Wewe una madaftari 55 ya insha, kila moja kurasa mbili, na mikondo mitatu. Ukisahihisha kila kosa utamaliza Krismasi, na mtoto akipokea daftari lililojaa damu hatasoma hata doa moja. Tangaza mapema: wiki hii nasaka "mpaka" pekee, au wakati uliopita pekee, au aya ya kwanza pekee. Mengine yaache, ingawa mkono utakuwasha. Chini andika sentensi moja kuhusu kilichosemwa, si kilivyosemwa: kwamba ulishtuka mjomba aliporudi, kwamba hukuamini mwizi angekimbilia kanisani. Mtoto anayejua kwamba hadithi yake ilisomwa ataandika nyingine. Siku nyingine wape wasomeane wawili wawili kwa sauti. Masikio yao hukamata makosa ambayo macho yao yaliyapita.

Fasihi. Tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, shule zetu za upili zimefundisha lugha na fasihi ya Kiingereza kama somo moja, na nusu ya ugumu unatokana na mwalimu anayependa moja na kuivumilia nyingine. Kosa kubwa ninaloliona, na nimelitenda, ni kuanza na mwongozo. Kitabu teule kinafika Januari, na kabla ya ukurasa wa kwanza kusomwa watoto wamekwisha kunakili maudhui, sifa za wahusika na mbinu za uandishi. Wanazikariri kama nambari za simu. Ukiwauliza nani alisema nini kwa nani, wanakutazama.

Soma kitabu darasani, kwa sauti, mpaka mwisho, kabla ya noti yoyote. Najua hoja ya muda. Riwaya ya Fathers of Nations ya Paul Vitta si fupi, na inahusu mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika huko Banjul, jambo lililo mbali sana na mtoto wa Makongeni. Lakini gawanya. Sura nyingine wasome nyumbani, zile zenye mazungumzo makali zisomwe darasani kwa sauti za watu mbalimbali. Tamthilia usiisome ukiwa umekaa kamwe. The Samaritan ya John Lara inasimulia wanafunzi wanaobuni programu ya simu ya kufichua maovu ya viongozi wa mji wao. Sukuma madawati nyuma, wasimame, wabishane. Wanaijua serikali ya mji kuliko unavyodhani, kwani wazazi wao hulipia kibanda, na askari wa kanjo hupita.

Ikifika kuandika insha za fasihi, mizani ya Burma inarudi, safari hii kwa uzito kamili. Mwanafunzi wetu huandika hoja, kisha husimulia hadithi yote kuanzia mwanzo, akitumaini mtahini atajichagulia. Huyo ni kama mwenye bucha anayekutupia ng'ombe mzima kwenye mizani ukimwomba nusu. Natoa mfano wa A Doll's House ya Ibsen, ambayo ilikuwa kitabu cha lazima kabla ya hivi vya sasa na ambayo bado naipenda kufundishia, hata kwa wasioitahiniwa. Hoja: Nora ni mdanganyifu. Haya, pima. Mmoja analeta vile vibiskuti vya makaroni anavyokula kwa siri na kumwambia mumewe kwamba hajavigusa. Ni ushahidi, lakini mwepesi, robo hivi. Mwingine analeta mkopo, na sahihi ya baba aliyoighushi. Mzito zaidi. Kisha, kama nina bahati, anatokea mmoja aliyesoma kwa makini: sahihi ile ina tarehe 2 Oktoba, na baba alikufa 29 Septemba. Marehemu ametia sahihi siku tatu baada ya kufa! Darasa zima linainuka. Hapo mizani imegonga chini.

Na hapo hapo, kabla hawajatulia, geuza hoja: alikopa kwa nini? Kuokoa maisha ya mumewe. Katika darasa langu kila mtu anamjua mama aliyekopa kwa shailoki ili mtoto arudi shule au baba atolewe hospitalini, akanyamaza. Mabishano yatakayofuata ndiyo uchambuzi wenyewe. Yatafanyika kwa Kiswahili mwanzoni. Yaache. Kisha sema: sasa yaandikeni, hoja, kipande cha ushahidi kilichopimwa, na sentensi mbili za kueleza kinathibitisha nini. Insha ya lazima ina alama 20, na nyingi kati ya hizo ziko kwenye kipande kile na sentensi zile mbili.

Usiache pia vitabu visivyotahiniwa. Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, iliyotoka mwaka 1986, humleta Paulina Nairobi mwaka 1956 akiwa msichana mwenye mimba, kumfuata mumewe chumbani Pumwani. Siku chache baadaye mimba inaharibika, na akitoka hospitalini anapotea njia. Nimewasomea wanafunzi wanaoishi dakika kumi kutoka hapo. Tulichora ramani ubaoni, tukagombana kuhusu barabara gani angechukua na angeuliza nani. Mvulana mmoja alisema angepotea hata yeye, "na mimi nimezaliwa huko." Kutoka hapo nikawapa zoezi la nyumbani: mwulizeni mzee yeyote kwa nini soko linaitwa Burma. Walirudi na habari za askari wa King's African Rifles (KAR) waliopigana huko Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, wengine na chumvi nyingi, wakaandika aya moja moja. Zilikuwa aya bora za mwaka.

Swali la fasihi ipi isomwe si geni: mwaka 1968, katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe, fasihi ya Afrika ikae katikati na nyingine zizunguke pembeni. Wengi wetu tulisomeshwa na matunda ya hoja hiyo. Sasa mpangilio unabadilika tena: Gredi ya 10 ya mtaala mpya ilipoanza Januari 2026, Kiingereza kilibaki cha lazima, na Fasihi ya Kiingereza ikawa somo la kuchagua, huku watahiniwa wa mwisho wa 8-4-4 wakiwa wa mwaka 2027. Sina ugomvi na kuchagua. Hofu yangu ni kwamba shule ndogo zisizo na walimu wa kutosha hazitaitoa kabisa, na mtoto wa sayansi atamaliza miaka mitatu akiwa amesoma barua rasmi na ufahamu tu. Ukiwa mwalimu wa Kiingereza Gredi ya 10, hadithi fupi moja kila Ijumaa haivunji sheria yoyote niijuayo.

Kuhusu stadi za mazungumzo sitakaa sana. Mtihani wa KCSE unazipa alama 30 na unazipima kwa kalamu, yaani mtoto anaandika jinsi ambavyo angetamka, na aliyebuni hilo sijui alikuwa anawaza nini. Wafunze mbinu zinazohitajika wiki chache kabla, na muda uliobaki waongee kwa kweli: mdahalo, kusimulia, kumhoji muuza kuku kisha kuripoti darasani.

Wala usijifanye hukosei. Leta kamusi darasani, na neno likikupiga chenga lifungue mbele yao. Niliwahi kuandika ubaoni "an advice". Ni msichana wa mchongoano wa nzi aliyeinua mkono.

Jambo la mwisho ni vitabu. Shule nyingi za kutwa huku hazina maktaba, zina kabati lenye kufuli. Lakini ukitoka Burma kwa miguu unafika Maktaba ya Kaloleni, tawi la Maktaba ya McMillan, ambayo shirika la Book Bunk liliikarabati pamoja na ile ya Makadara. Ina viti vya watoto, ina kimya, ina mwanga, vitu visivyopatikana katika chumba kimoja cha watu sita. Jumamosi naenda na kikundi cha yeyote anayetaka. Kikwazo ni kwamba Jumamosi ndiyo siku wanayotumwa sokoni, na mtoto hawezi kurudi nyumbani mara mbili. Kwa hiyo wanafika na vifurushi. Matumbo hayaingii maktaba, hilo hatujawahi kubishania. Mfuko hubaki langoni, ukining'inia kivulini juu ya paka, na mwenye mfuko ana kama saa moja kabla mama hajaanza kupiga simu. Saa moja ni hadithi fupi moja, asipoketi karibu na wenzake.